Hiyo Elfu Tano ni ya Nani?

Jaws Corner, baada ya alasiri. Birika la kahawa liko juu ya mkaa, kashata zimebaki mbili, na simu ya kijana mmoja anayetembeza wageni imewekwa katikati ya baraza, sauti juu, ili kila mtu asikie. Dada yake anayeishi London ametuma ujumbe.

"Kaka, ile safari yetu ya meli imevunjika. Kampuni wananiambia nichague. Ama nirudishiwe paundi zangu elfu nne, ama nipewe vocha ya elfu tano nisafiri nayo baadaye. Mwisho wa kujibu Ijumaa. Wewe unaonaje?"

Baraza halikuchukua dakika mbili kuamua. Elfu tano! Hata mtoto wa skuli anajua tano ni kubwa kuliko nne. Kijana alishabonyeza kitufe cha kurekodi jibu pale mzee mmoja, karani mstaafu wa bandarini, aliponyanyua macho kwenye dhumna.

"Hiyo elfu tano ni ya nani?"

"Ya dada, Maalim."

"Basi mwambie aje nayo Darajani anunue samaki."

Watu wakacheka. Mzee akapiga dhumna yake, mchezo ukaendelea. Wiki tatu sasa swali lake halijanitoka kichwani, kwa sababu kila nikilipindua naona kwamba watu wanaopewa chaguo hili hupiga hesabu ya namba mbili zisizofanana hata kidogo, kisha wanaita ile kubwa kuwa ndiyo bora.

## Deni linalobadilishwa sura

Tuanze na jambo ambalo barua za kampuni za meli hulifunika kwa maneno matamu. Safari ikivunjwa na kampuni yenyewe, kampuni ina pesa zako na haijakupa kitu. Hilo ni deni, na limeshaiva.

Vocha ni ombi la kuliahirisha deni hilo. Na si kuliahirisha tu, maana siku likilipwa halitalipwa kwa pesa. Litalipwa kwa bidhaa ya mdaiwa, kwa bei atakayoipanga mdaiwa, kabla ya tarehe aliyoiweka mdaiwa. Ile asilimia 25 ya juu ndiyo kodi anayokupa ili pesa zako ziendelee kukaa kwake.

Watu wa Pwani tuna neno letu la zamani: arubuni. Ukiweka arubuni ya kiwanja Mwanakwerekwe kisha ukaghairi, kwa desturi imekwenda. Mashekhe wa Kishafi hawaikubali desturi hiyo, wa Kihanbali wanaikubali, na mabaraza yetu hayajaumaliza mjadala. Lakini sijapata kusikia baraza lolote likisema kwamba muuzaji akighairi, arubuni abaki nayo yeye.

Hapa aliyeghairi ni muuzaji.

## Kuipasua elfu nne

Simu ilipozungushwa tuisome ile barua pepe yenyewe, jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba elfu tano haikuandikwa popote. Kilichoandikwa ni "asilimia 125 ya nauli". Elfu tano dada aliipata mwenyewe kwa kuzidisha jumla yote aliyolipa.

Jumla siyo nauli. Tiketi ya meli ya kitalii hujengwa kwa vipande, na kila kipande kina njia yake ya kurudi. Chukua mfano wa mtu na mumewe waliolipa paundi 4,000: nauli yenyewe 3,200, kodi na ada za bandari 480, bakshishi ya wahudumu iliyolipwa mapema 320. Kwa kampuni nyingi nyongeza ya asilimia 25 hukaa juu ya nauli peke yake. Ada za bandari na bakshishi hurudi kama zilivyo, kwenye kadi iliyolipia, hata ukichagua vocha.

Kwa hiyo vocha ni 3,200 mara 1.25, yaani 4,000. Pamoja na zile 800 zinazorudi taslimu, mkono mmoja una 4,800. Mia mbili zimeshayeyuka kabla hatujaanza kubishana.

Na kwa kuwa zile 800 zinarudi kwa vyovyote vile, ziondoe pande zote mbili. Kinachobaki ndicho chaguo halisi: paundi 3,200 za kweli, au paundi 4,000 za dukani kwao.

Hapo ndipo baraza lilipoanza kunyamaza kidogo.

## Nne katika tano

Gawa 3,200 kwa 4,000, unapata 0.8. Namba hiyo haibadiliki hata nauli ingekuwa nyingine, maadamu nyongeza ni asilimia 25. Maana yake: ikiwa uwezekano wako wa kuitumia vocha yote, kwa wakati, ni chini ya nne katika tano, taslimu ndiyo kubwa. Tano imekuwa ndogo kuliko nne, na hakuna mchezo wa hesabu.

Sasa jiulize kwa haki. Kati ya mambo matano yanayoweza kutokea katika miezi kumi na minane ijayo, manne yanakupeleka melini? Likizo kazini, afya ya mama, ada za watoto, viza, mimba, harusi ya mtu usiyeweza kumkataa? Mtu mwenye wazazi Unguja na watoto London hana miezi kumi na minane iliyotulia hivyo.

Kuna wanaosema bei ikipanda vocha hufa. Si kweli moja kwa moja, kwani bei ya safari ileile ikipanda, taslimu nayo inanunua kidogo. Tofauti ni kwamba taslimu ina miguu. Bei ya kampuni hii ikikuudhi, pesa inaondoka kwenda kampuni ya pili, au inarudi Zanzibar kuezeka nyumba. Vocha imefungwa kamba mlangoni kwa aliyeitoa, na yeye analijua hilo anapopanga bei.

## Tarehe mbili, jina moja

Masharti ya vocha husomwa na watu wachache, nayo ndiko pesa zinakopotelea. Nitakaa hapa kidogo.

Kuna tarehe ya kununua safari mpya na kuna tarehe ya kusafiri. Ni tarehe mbili tofauti. Vocha nyingine zinakutaka ununue ndani ya mwaka mmoja lakini zinakuruhusu kusafiri mwaka unaofuata. Nyingine zinahesabu siku ya kung'oa nanga, na hapo mtu mwenye vocha "ya miaka miwili" anagundua kwamba meli za msimu anaoutaka zinaondoka wiki mbili baada ya tarehe yake. Uliza kwa maandishi: hii ni tarehe ya kununua au ya kusafiri?

Halafu jina. Vocha hutolewa kwa kila abiria peke yake. Katika mfano wetu, si vocha moja ya 4,000. Ni mbili za 2,000, ya mke na ya mume. Mume akipata kazi Muscat asiweze kusafiri, vocha yake kwa kawaida haihamii kwa mkewe, wala kwa shemeji. Mke akiamua kwenda peke yake atakuta kingine: chumba cha melini cha watu wawili kikilalwa na mtu mmoja hulipiwa nyongeza, mara nyingine karibu mara mbili. Vocha ya 2,000 haimalizi tena hata safari ya mtu mmoja.

Halafu inanunua nini. Nauli, basi. Kodi na ada za bandari za safari mpya utatoa mfukoni. Vifurushi vya vinywaji, intaneti ya melini, matembezi ya bandarini, vyote mara nyingi viko nje. Kampuni nyingine haziikubali vocha hata kama arubuni ya safari mpya. Unatanguliza pesa mpya kwanza, vocha inaingia kwenye malipo ya mwisho.

Na safari mpya ikiwa ya bei ndogo kuliko vocha? Baadhi hukuachia salio, baadhi hulimeza. Sharti hili huwa na mstari mmoja tu, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi.

La mwisho, na ndilo baya kuliko yote: safari ya pili ikivunjika nayo. Hapo nyongeza ya asilimia 25 kwa kawaida haizai nyongeza nyingine, na mara nyingi kinachorudi si pesa bali vocha tena, kwa sababu ulilipa kwa vocha. Mlango wa taslimu ulioufunga mwenyewe mara ya kwanza haufunguki mara ya pili. Waliovunjiwa safari mara mbili na tatu kuanzia Machi 2020, tangu mamlaka ya afya ya Marekani ilipopiga marufuku safari hizo tarehe 14 ya mwezi huo, wanalijua jambo hili. Ndicho kipindi ambacho Royal Caribbean, Norwegian na MSC zote zilikuja na ile asilimia 125, na meli hazikuanza tena kuchukua abiria kutoka bandari za Marekani hadi katikati ya 2021.

## Unamkopesha nani?

Kama vocha ni mkopo, swali la kwanza la mkopeshaji yeyote ni moja: huyu ninayemkopesha atakuwepo siku ya kulipa?

Julai 2020 kampuni ya Uingereza ya Cruise & Maritime Voyages ilifilisika. Mwezi mmoja kabla yake Pullmantur ya Hispania ilikuwa imeomba kinga ya mahakama. Januari 2022 ikaja zamu ya Crystal, kampuni ya watu wenye uwezo, ambayo mmiliki wake alikuwa Genting Hong Kong. Jaji wa Marekani alikuwa ametoa amri ya kuikamata meli ya Crystal Symphony kwa deni la mafuta. Meli ilitakiwa kuteremsha abiria Miami, ikageuza usukani kwenda Bimini, Bahamas, na abiria wakavushwa kwa boti kurudi Florida. Meli ya kifahari inamkimbia mwenye kituo cha mafuta! Na mwaka 2023 Vantage ya Boston, iliyouza safari za mitoni na za meli ndogo, nayo iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Wateja waliokuwa na salio huko wakajikuta wamesimama kwenye foleni ya wadai.

Foleni hiyo ina mpangilio. Mbele wako wenye rehani: mabenki, walioikopesha meli yenyewe. Nyuma yao yuko mtu mwenye karatasi iliyoandikwa "asilimia 125".

Lakini hapa pana tofauti inayotegemea mahali tiketi iliponunuliwa, wala si mahali mtu anapoishi au anakotoka. Walionunua kwa Cruise & Maritime Voyages nchini Uingereza walikuwa chini ya mfuko wa dhamana, hivyo wengi walirudishiwa. Ulaya nako, tarehe 13 Mei 2020, Tume ya Umoja wa Ulaya ilizipendekezea nchi wanachama kwamba vocha iwe hiari ya mteja, iwe na kinga kampuni ikifilisika, ikae angalau miezi 12, na isipotumika mteja arudishiwe pesa. Vocha ya namna hiyo ni kiumbe kingine kabisa. Ukipata inayogeuka taslimu mwisho wake na yenye dhamana ya mtu wa tatu, hesabu yangu ya nne katika tano haina kazi. Ichukue.

Kwa hiyo usiulize tu "asilimia ngapi". Uliza: isipotumika, inarudi pesa? Mkifilisika, nani ananilipa, na jina la mfuko ni lipi?

## Waliosubiri Hija wanajua

Kuna kundi la watu hapa Unguja na Pemba ambao hawahitaji kuelezwa yote haya.

Februari 2020 Saudia ilifunga mlango wa Umra kwa wageni. Hija ya mwaka ule ikawa ya waliomo ndani ya nchi tu. Ya 2021 nayo, watu 60,000, wote wa ndani. Aliyekwishalipia alikuwa na njia mbili: kuchukua pesa zake, au kuziacha zikae hadi mlango ufunguke. Na kuacha kulikuwa na utamu wake, kwani nia ilishawekwa, na pesa ya Hija ukiirudisha nyumbani huliwa na mambo mengine.

Mlango ukafunguliwa 2022, watu milioni moja. Kukawa na sharti jipya: asiwe amefikia miaka 65.

Fikiria mzee wa Chake Chake aliyeziacha pesa akiwa na miaka 63. Hakukosea chochote. Aliyemwekea pesa hakumdhulumu. Kilichobadilika ni sharti ambalo hata mwenye kupokea pesa hakuwa na mamlaka nalo. Sharti lile liliondolewa mwaka uliofuata, lakini umri hausubiri, wala magoti.

Naulinganisha mfano huu kwa tahadhari, ibada si matembezi. Hata hivyo ndio ulionibadilisha mawazo. Mpaka hapo nilikuwa naiona hatari ya vocha kuwa ni kampuni mbaya. Kumbe kampuni inaweza kuwa njema na vocha ikakufia mkononi: nchi imebadilisha viza, bandari imeondolewa kwenye ratiba, meli yenyewe imeuzwa na njia ile haipo tena.

## Saa inayokimbia

Barua nyingi zina mtego mdogo: usipojibu, umechagua vocha. Ukimya unahesabiwa kuwa ridhaa. "Ijumaa" ya barua ile ilikuwa dakika moja kabla ya saa sita usiku wa London, ambayo kwetu ni saa 8:59 usiku wakati wa baridi yao, saa 7:59 wakati wa joto. Anayemshauri ndugu yake kutoka huku asihesabu Ijumaa ya saa zetu.

Nchini Uingereza kanuni za mwaka 2018 za safari za kifurushi zinasema mwandaaji akivunja safari anarudisha pesa ndani ya siku 14. Umoja wa Ulaya una siku hizohizo. Kwa safari zinazoanzia bandari za Marekani, tangu 2022 safari iliyofutwa, au iliyochelewa kuondoka siku 3 au zaidi, inahesabika kuwa haikutimizwa, na abiria asiyekubali mbadala anadai pesa zake. Kwa hiyo dada yule haombi hisani. Na asiseme "naomba mnifikirie". Aandike hivi: safari namba fulani mmeivunja ninyi, sikubali vocha, narudishiwa jumla niliyolipa kwa njia niliyolipia, ndani ya siku 14. Aambatishe risiti, aweke tarehe, apige picha ya fomu baada ya kubonyeza, na ahifadhi jibu.

Pesa zisipokuja, anayo silaha ya pili, nayo ni kadi. Kwa kadi za Visa mteja anaweza kuyapinga malipo kupitia benki yake ndani ya siku 120, zikihesabiwa tangu siku aliyotarajia kupata huduma. Huko Uingereza, aliyelipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya paundi 100 hadi 30,000 anaweza pia kuidai benki iliyotoa kadi, kwa sheria ya mwaka 1974. Lakini silaha zote mbili hushuka thamani siku unapobonyeza "nakubali vocha". Benki itauliza: kampuni ilikupa mbadala? Uliukubali? Basi huna kesi, una vocha.

Yanayoharibika njiani ni mambo ya kawaida mno. Kadi iliyolipia imeisha muda. Waulize benki mapema pesa zitaangukia wapi. Tiketi ilinunuliwa kwa wakala. Kampuni inamrudishia wakala, wakala ndiye anayekurudishia wewe, na siku zinajipanga mara mbili (na ile kinga ya 1974 huweza kukatika, kwa kuwa benki yako ilimlipa wakala, si kampuni ya meli). Tiketi ya ndege ilinunuliwa mbali. Hiyo ni mkataba mwingine, meli haiihusu. Aliyelipa kwa shilingi kutoka Zanzibar ana la ziada: marejesho huja kwa sarafu ya bili na kwa kiwango cha siku ya kurudi. Mwaka 2020 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, katikati ya 2024 ikawa imepita 2,600, kwa hiyo unaweza kupata au kukosa bila mtu yeyote kukuibia.

Jambo moja huchanganywa sana. Meli ikiruka bandari moja, tuseme upepo umechafuka wakashindwa kuingia Malindi, bandari yetu ya Unguja, safari haijavunjika. Mikataba ya meli huiruhusu kuruka bandari, na mara nyingi kinachorudi ni ada ya bandari ile tu. Hapo hakuna vocha wala taslimu ya kuchagua.

## Pale vocha inaposhinda

Nisije nikaonekana nimeapa. Kuna watu ningewaambia wachukue vocha bila kupepesa jicho.

Mstaafu anayesafiri kwa kampuni ileile kila mwaka, tarehe anazo, afya anayo, kampuni imara: huyo ana zaidi ya nne katika tano. Aliyenunua kwa bei ya ofa ambayo haitarudi, naye akapewa nafasi ya kuihamishia safari yake mwaka ujao, msimu uleule, chumba kilekile, bei ileile. Hiyo siyo vocha, ni kusogezwa, na mara nyingi inashinda hata asilimia 125, kwa sababu bei mpya haimgusi. Iulizie, kwani haiandikwi kwa herufi kubwa kila mara. Na yule anayejijua kwamba pesa ikirudi itaisha kwa vocha za simu na mialiko, akaamua kuifunga kwa makusudi, sina la kumwambia.

Lipo na shaka jingine, ambalo sijalimaliza. Wote wakichukua taslimu siku moja, kampuni ndogo inakufa. Kwa kampuni yenye meli ishirini shaka hilo halininyimi usingizi. Kwa mwenye boti moja Kizimkazi linaninyima.

## Upande wa pili wa gati

Maana na sisi huku tunashika pesa za watu.

Meli ikija Malindi abiria wana saa kama nane za nchi kavu. Wengi wamekwishapanga kabla: Mji Mkongwe kwa miguu, Changuu kwa kobe, viungo Kizimbani, kima punju Jozani. Baadhi wamenunua melini, baadhi wamemtafuta kijana wetu moja kwa moja wakamtumia arubuni. Safari ya meli ikivunjika, wa melini wanarudishiwa na meli. Wa kijana wetu wanamwandikia kijana.

Na kijana, aliyeijifunza vocha kutoka kwa wakubwa, anajibu: hamna shida, arubuni yenu itakaa miaka miwili, karibuni tena.

Hebu tumia ileile nne katika tano. Mgeni wa meli hakuichagua Zanzibar. Aliichagua meli, na Zanzibar ilikuwa siku moja kati ya kumi na nne. Vocha yake ya meli pengine atakwenda nayo Norway. Uwezekano wa yeye kurudi hapa ndani ya miaka miwili haufiki hata moja katika tano. Kumpa vocha ya Jozani ni kumwambia kwa adabu kwamba pesa umekula.

Wanaoifanya kazi hii vizuri hawangoji ugomvi. Huchukua arubuni ndogo, asilimia 10 au 20, iliyobaki hulipwa getini wageni wakishashuka. Huiandika mapema: meli isipofunga, mnarudishiwa zote. Na sharti hilohilo hulipeleka kwa nahodha wa boti na dereva wa daladala la kukodi, ili hasara isimwangukie mtu mmoja. Mafuta hununuliwa asubuhi, meli ikishaonekana kwenye programu ya kufuatilia vyombo kwamba imeelekea kweli mlango wa bahari wetu. Mpishi wa shamba la viungo ndiye tatizo, kwa sababu pweza na nazi vinataka kununuliwa jana yake. Hapo panakuwa na gharama ya kweli, na mgeni akielezwa kwa risiti huelewa.

Kisha arubuni ikae mbali na pesa ya matumizi. Laini ya pili ya pesa ya simu inatosha. Na marejesho yarudi kwa kadi au akaunti ileile iliyolipia, hata mgeni akisihi yapelekwe kwingine. "Nimelipa zaidi kwa makosa, nitumie tofauti kwa ndugu yangu" ni utapeli wa zamani, na malipo ya kwanza huja kupingwa benki wewe ukiwa umeshatuma.

Alhamisi jioni, pale pale Jaws Corner, ujumbe wa pili uliwekwa barazani. Dada ameandika anataka taslimu, kampuni imejibu kwamba imepokea. Watu wakashangilia kana kwamba pesa ni zao.

Mzee hakunyanyua macho kwenye dhumna.

"Na wale wageni wako wanne wa meli hiyohiyo, ulisema umewapa nini?"

Kijana akamwaga masalia ya kahawa, akasema atawaandikia usiku, bando likishaingia.